Madaftari Yanayojuana: Somo la Kuweka Kumbukumbu za Kikundi na Kuziuliza Maswali



Kila kikundi cha kujisaidia kina madaftari yake. Kuna la wanachama, la michango, la mikopo, na kwa wale wa mwethya kuna la siku za kazi pale kwenye bwawa la mchanga au kwenye matuta. Siku hizi vikundi vingi vya Kitui na Makueni vinatuuliza: je, tuhamishe madaftari yetu kwenye kompyuta? Vijana wetu wanaijua, na simu ziko.

Jibu letu ni ndiyo, lakini kuna jambo la kujifunza kwanza. Daftari lililovurugika likiingizwa kwenye kompyuta linabaki limevurugika, ila sasa linavurugika kwa haraka zaidi. Kwa hivyo leo tutajifunza kupanga kumbukumbu ili madaftari yajuane. Mpango huu unaitwa hifadhidata ya majedwali yanayohusiana. Halafu tutajifunza lugha ya kuuliza kumbukumbu hizo maswali, ambayo inaitwa SQL. Hutamkwa es-kyu-el.

Lisomeni somo hili pamoja mkutanoni, mkiwa na kalamu na karatasi. Leo kompyuta si lazima.

1. SHIDA IKO WAPI?

Tuchukue jambo ambalo linaweza kutokea katika kikundi chochote. Mama mmoja ameaga dunia. Alikuwa mwanachama miaka tisa. Baada ya mazishi wanawe wanakuja mkutanoni na kuuliza kwa heshima: mama alikuwa na akiba ya pesa ngapi hapa? Na je, ameacha deni?

Mwenyekiti anamtazama mweka hazina. Mweka hazina anafungua madaftari. Katika daftari la wanachama mama huyo ni Mwende Mutua. Katika la michango mara nyingine ni Mama Kioko, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Katika la mikopo ni Mwende M. Na tena kuna Mwende Mutua mwingine, yule wa upande wa mlimani, ambaye yu hai na amekaa pale pale akisikiliza. Mikopo ya Mwende M. ni ya nani kati ya hao wawili?

Hakuna mtu aliyeiba hata shilingi. Lakini jibu likikosekana, maneno yanaanza. Wana wa marehemu watasema wamenyimwa haki. Yule Mwende wa mlimani atasema anabebeshwa deni lisilo lake. Kikundi kinaweza kuvunjika hapo, na mwizi hayupo.

Tukichunguza tutaona shida ni tatu:

(a) Jina limetumika kumtambulisha mtu, na majina hufanana.
(b) Jambo moja limeandikwa mahali pengi, na kila mahali limeandikwa tofauti.
(c) Jibu liko kichwani mwa mtu mmoja. Akihama, akiugua au akikasirika, jibu linaondoka naye.

2. KILA MTU NAMBARI YAKE, KILA JAMBO MAHALI PAKE

Dawa ya shida ya kwanza ni nambari. Hii si ngeni kwetu. Serikali inajua Kenya ina watu wengi wenye jina moja, ndiyo maana kila mtu mzima ana nambari yake ya kitambulisho. Kaunti zenyewe zina nambari: Kitui ni 15, Machakos ni 16, Makueni ni 17. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 tumezoea kuona kila ujumbe wa pesa ukija na herufi na tarakimu zake za pekee. Ukibishana na mtu kuhusu malipo, husemi tu "nilikutumia Jumanne". Unasoma zile tarakimu, na ubishi unakwisha.

Nambari ya namna hiyo, ambayo haiwezi kuwa ya vitu viwili, inaitwa ufunguo.

Dawa ya shida ya pili ni kuandika kila jambo mahali pamoja tu. Mambo ya mtu, kama jina na upande anakokaa, yakae katika jedwali la wanachama. Mambo ya pesa aliyoleta yakae katika jedwali la michango. Katika jedwali la michango hatuandiki jina tena. Tunaandika nambari ya mwanachama.

Tutazame mfano. Majina na pesa ni vya kujifunzia tu.

JEDWALI LA wanachama

nambari | jina | upande
1 | Mwende Mutua | Mtoni
2 | Kamene Musyoka | Sokoni
3 | Mwende Mutua | Mlimani
4 | Mutiso Kilonzo | Mtoni
5 | Ndinda Muli | Sokoni

JEDWALI LA michango

risiti | mwanachama | tarehe | kiasi
101 | 1 | 2024-03-05 | 200
102 | 2 | 2024-03-05 | 200
103 | 3 | 2024-03-05 | 500
104 | 1 | 2024-03-12 | 300
105 | 4 | 2024-03-12 | 200
106 | 3 | 2024-03-12 | 200

Tazameni risiti ya 103. Ni ya mwanachama 3. Mwanachama 3 ni nani? Pandeni jedwali la kwanza: ni Mwende Mutua wa Mlimani, si yule wa Mtoni. Hivyo ndivyo madaftari mawili yanavyojuana. Kinachoyaunganisha ni ile nambari.

Sasa, Kamene akihama kutoka Sokoni kwenda Mlimani, tutabadilisha mahali pangapi? Pamoja tu, kwenye jedwali la wanachama. Risiti zake hazitaguswa. Kama tungekuwa tumeandika jina na upande katika kila risiti, tungehitaji kusahihisha risiti zote, na moja ingesahauliwa. Ile moja iliyosahauliwa ndiyo italeta ugomvi baadaye.

Tena angalieni mambo mawili madogo. Tarehe imeanza na mwaka, halafu mwezi, halafu siku, ili zikipangwa zifuatane sawasawa. Na katika safu ya kiasi tumeandika tarakimu tupu. Hatukuandika "sh. 200" wala "mia mbili". Mashine haiwezi kujumlisha maneno.

3. FIKIRA HII ILITOKA WAPI?

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi na kampuni ya IBM huko Marekani, aliandika makala akieleza mpango huu wa majedwali. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kutoa habari kwenye kompyuta ilibidi ajue njia yote: habari imewekwa wapi, na utapitia wapi kuifikia. Ilikuwa kama ghala ambalo mlinzi mmoja tu ndiye anayejua gunia la ndengu liko nyuma ya magunia gani. Codd alisema anayeuliza aseme tu anataka nini. Kutafuta njia iwe kazi ya mashine.

Wenzake wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakatengeneza lugha ya kuuliza na kuitangaza mwaka 1974. Ndiyo iliyokuja kuitwa SQL. Mwaka 1986 ilikubaliwa Marekani kuwa lugha ya kawaida ya kazi hiyo, na mwaka 1987 ikakubaliwa kimataifa. Kijana wenu akiisoma, ataikuta katika benki, hospitali, ofisi za kaunti na ndani ya simu yake mwenyewe. Iko programu moja ya hifadhidata inayoitwa SQLite, iliyoanza mwaka 2000. Ni ya bure kwa mtu yeyote, na imo ndani ya karibu kila simu janja.

4. TUULIZE MASWALI

Maneno ya SQL yametoka katika Kiingereza, lakini ni machache. Tuanze na matatu:

SELECT: nionyeshe
FROM: kutoka jedwali gani
WHERE: kwa sharti gani

Swali la kwanza: Ni akina nani wanakaa upande wa Mtoni?

SELECT nambari, jina
FROM wanachama
WHERE upande = 'Mtoni';

Isomeni hivi: "Nionyeshe nambari na jina, kutoka jedwali la wanachama, kwa sharti kwamba upande ni Mtoni." Maneno yanawekwa ndani ya alama za kunukuu, na mwisho wa swali tunaweka nukta-mkato. Jibu ni 1 Mwende Mutua na 4 Mutiso Kilonzo.

Swali la pili: Mwanachama 1 amechanga jumla ya shilingi ngapi? SUM maana yake ni jumlisha.

SELECT SUM(kiasi)
FROM michango
WHERE mwanachama = 1;

Jibu ni 500. Hesabuni wenyewe: risiti 101 ni 200, risiti 104 ni 300. Haya, tungetafuta kwa jina je? Tungepata risiti za akina Mwende wote wawili, jumla 1200. Hiyo si akiba ya huyu wala ya yule. Wale watoto wa marehemu wangeambiwa kiasi kisicho chao, na mwenye pesa angekuwa ameketi pale pale.

Swali la tatu: Kila mwanachama amechanga kiasi gani? Hapa tunahitaji majedwali mawili, kwa sababu majina yako katika moja na pesa ziko katika lingine. JOIN ni unganisha, ON ni kwa kufananisha nini na nini, na GROUP BY ni weka mafungu kwa kila mmoja.

SELECT wanachama.nambari, wanachama.jina, SUM(michango.kiasi)
FROM wanachama
JOIN michango ON michango.mwanachama = wanachama.nambari
GROUP BY wanachama.nambari, wanachama.jina;

Jibu:

1 | Mwende Mutua | 500
2 | Kamene Musyoka | 200
3 | Mwende Mutua | 700
4 | Mutiso Kilonzo | 200

Jumlisheni: 500 na 200 na 700 na 200 ni 1600. Sasa jumlisheni risiti zote sita za jedwali la michango. Ni 1600 pia. Fanyeni hivi kila mara. Jibu la mashine lipimwe kwa njia ya pili kabla halijasomwa mkutanoni.

5. YULE ALIYENYAMAZA

Kabla ya kuendelea, tazameni tena lile jibu. Tuna wanachama watano, lakini majina yaliyotoka ni manne. Ndinda Muli yuko wapi?

Mashine haijakosea. JOIN hutoa wale tu waliopatikana katika majedwali yote mawili. Ndinda hana risiti, basi hakutokea. Mkutano ukisomewa orodha hiyo, mtu anaweza hata kudhani Ndinda si mwanachama. Na pengine yeye ndiye tunayepaswa kumjua zaidi ya wote. Mtu aliyeacha kuchanga wiki mbili pengine ni mgonjwa, au ana mtoto aliyefukuzwa shule kwa karo, au mbuzi wamekufa kwa ukame.

Kuna neno la kumtafuta. LEFT JOIN husema: walete wanachama wote wa jedwali la kwanza, hata kama hawana kitu katika la pili. Na IS NULL maana yake ni hakuna kilichoandikwa.

SELECT wanachama.nambari, wanachama.jina
FROM wanachama
LEFT JOIN michango ON michango.mwanachama = wanachama.nambari
WHERE michango.risiti IS NULL;

Jibu: 5 | Ndinda Muli. Sasa mjumbe wa upande wa Sokoni anajua ni nyumba gani ya kutembelea wiki hii.

Kunyamaza ni habari. Watu wa Kyuso huko Kitui waliliona hili kwa pampu za maji za mkono. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walikuwa wakifanya majaribio huko na zaidi ya pampu 60. Katika mkono wa pampu kiliwekwa kifaa kidogo kilichohesabu jinsi unavyosogea, kisha kikatuma habari kwa mtandao wa simu. Pampu ikiacha kusogea, mafundi walipata dalili kwamba kuna jambo, bila kungoja mtu atembee hadi ofisini kushtaki. Muda wa pampu kukaa ikiwa imeharibika ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa FundiFix, ambayo hutengeneza pampu na mitambo ya maji vijijini kwa utaratibu.

Akina mama wa ukambani wanajua siku 27 bila pampu ni mitungi mingapi mgongoni. Kilichopunguza siku hizo ni mafundi walio karibu, pamoja na kumbukumbu zilizopangwa vizuri na mtu wa kuziuliza kila siku: ni nani amenyamaza?

6. TAHADHARI KABLA YA KUANZA

Kwanza, risiti ya karatasi isiachwe. Mashine haijui ukweli. Inajua kilichoandikwa tu. Mweka hazina akiandika 20 badala ya 200, mashine itajumlisha 20 kwa uaminifu kabisa. Mwanachama abaki na risiti yake mkononi.

Pili, anayepokea pesa asiwe ndiye peke yake anayeandika na kukagua. Mmoja apokee, mwingine aandike, wa tatu akague. Na watu wasiopungua wawili wafundishwe kuuliza maswali ya SQL, la sivyo tumerudi kwenye ile shida ya jibu kukaa kichwani mwa mtu mmoja, safari hii akiwa ni kijana wa kompyuta.

Tatu, nambari ya mwanachama haitolewi tena kwa mtu mwingine. Mtu akihama au akifariki, nambari yake inabaki yake. Tukimpa mgeni nambari ya marehemu, mgeni atarithi akiba na madeni ya wenyewe.

Nne, siri za watu zilindwe. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Andikeni yale tu kikundi kinayoyahitaji. Kama nambari ya kitambulisho haina kazi katika jedwali, isiwemo. Mwanachama ana haki ya kuona yaliyoandikwa juu yake na kuomba yasahihishwe. Orodha ya madeni haibandikwi sokoni wala kutumwa ovyo kwa simu.

Tano, wekeni nakala. Simu huibiwa na kompyuta hufa. Kila baada ya mkutano nakala moja iwekwe mahali pengine, na kila mwezi orodha ichapishwe na kutiwa sahihi na viongozi.

KWA VIJANA WENYE KOMPYUTA

Jedwali la michango hutengenezwa hivi katika SQLite:

CREATE TABLE michango (
risiti INTEGER PRIMARY KEY,
mwanachama INTEGER NOT NULL REFERENCES wanachama(nambari),
tarehe TEXT NOT NULL,
kiasi INTEGER NOT NULL
);

PRIMARY KEY ni ule ufunguo: risiti mbili haziwezi kuwa na nambari moja. NOT NULL inakataza kuacha pengo. REFERENCES inasema mwanachama lazima awe ameandikwa kwanza katika jedwali la wanachama. Mtu akijaribu kuingiza mchango wa mwanachama 9 ambaye hayupo, mashine itakataa. Lakini katika SQLite ulinzi huu huwashwa kila unapofungua hifadhidata, kwa maneno haya: PRAGMA foreign_keys = ON;

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Katika madaftari yetu, je, kuna wanachama wenye majina yanayofanana? Tunawatofautisha vipi leo?

2. Mtu amekopa shilingi 3000 na analipa kidogo kidogo mara tano. Je, malipo hayo tuyaandike katika jedwali la mikopo, au yawe na jedwali lake? Chora majedwali yote mawili, na uonyeshe nambari inayoyaunganisha. (Kidokezo: jambo likitokea mara nyingi, linahitaji mistari mingi.)

3. Tengenezeni jedwali la siku za kazi za mwethya. Litakuwa na safu gani? Andikeni swali la SQL la kuonyesha nani hajafika hata siku moja. Kisha mjadili: je, ni mvivu, au kuna sababu?

4. Mwanachama wetu akifariki leo, je, tunaweza kuwaambia wanawe akiba yake na deni lake kabla mkutano haujafungwa? Kama hatuwezi, ni daftari gani tutaanza kulipanga, na ni nani atalianza wiki hii?

Hilo swali la nne lisijibiwe kwa haraka. Kila mmoja wetu ana watoto ambao siku moja wanaweza kusimama mbele ya mkutano na kuuliza.